Sahihi ya Ukurasa wa Mwisho

Katika lugha yetu neno sahihi lina kazi mbili. Kwanza ni jina la mtu lililoandikwa kwa mkono wake mwenyewe chini ya hati; pili ni jambo la kweli, lisilo kosa wala shaka. Siku hizi maofisini neno saini limelisukuma la kwanza pembeni, lakini wazee hawajaliacha. Na wana sababu. Kwao mtu aliyetia sahihi amesema kweli, na kama hakusema kweli basi hakutia sahihi, amechora tu. Aghalabu maana hizo mbili huishi nyumba moja kwa amani. Ila zipo nyakati zinapotengana, na hapo mwenye karatasi mkononi hukosa usingizi.

Kukosa usingizi huko kulimpata mzee mmoja wa Ruangwa, mkoa wa Lindi, katikati ya mwaka 2019. Mji wake ulikuwa na furaha siku hizo. Timu ya Namungo ilikuwa imepanda Ligi Kuu, na vijana hawakuwa na habari nyingine. Mzee hakuwa mpenzi wa mpira. Michezo kwake ilikuwa riadha, na riadha ilikuwa mtu mmoja, ambaye jina lake alilihifadhi ndani ya sanduku la bati, chini ya kanzu za Idi, katika daftari la shule lililoshonwa upya kwa uzi wa gunia.

Daftari hilo alilianza Nachingwea, alikokuwa mwalimu wa kisomo. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wilaya ya jirani ya Masasi ikawa mojawapo ya wilaya sita za mwanzo zilizotakiwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma. Hamasa ikavuka mipaka. Watu wazima walitoka shambani jioni, wakaketi chini ya mwembe na vibao vyao, wengine na watoto mgongoni. Kitabu kilianza na habari za kilimo bora, lakini wanafunzi walimwomba mwalimu jambo jingine kwanza: wafundishwe kuandika majina yao. Walikuwa wamechoka kushikwa mkono ghalani na kugandamizwa dole gumba katika wino, kisha kupewa fedha ya korosho zao wasijue karatasi imesema nini.

Basi mwalimu aliweka desturi. Kila aliyeweza kuandika jina lake bila kuangalizia alipewa lile daftari, akalitia humo. Wengine walichukua robo saa kwa herufi saba. Mwalimu aliwaonya wote kwa maneno yale yale: jina lako ni mdomo wako, usiliweke chini ya jambo usilolisoma, wala chini ya jambo usilolijua. Ulipofika mtihani wa taifa wa Agosti 1975, kurasa zilikuwa zimejaa, na ukurasa wa mwisho ulikuwa na majina matatu upande mmoja tu.

Upande wa pili wa ukurasa huo ndiko kilikobandikwa, kwa uji wa muhogo, kikaratasi cha rangi ya maziwa kisichozidi kiganja. Kimeandikwa kwa kalamu ya wino wa buluu: Filbert Bayi.

Vijana wanaolisikia jina hili leo huenda wakalijua kwa shule alizozianzisha, au kwa miaka mingi aliyokuwa katibu mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania. Lakini waliokuwa na redio mwaka 1974 wanalijua kwa namna nyingine. Tarehe 2 Februari mwaka huo, mjini Christchurch, New Zealand, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, askari huyu wa Jeshi la Wananchi alisimama kwenye mstari wa mita 1500 akiwa na umri wa miaka 20. Hodari wa mbio hizo walikuwa na hila yao: kujificha nyuma ya wenzao, kuhifadhi pumzi, kisha kuchomoka mwishoni. Bayi hakujificha. Alitoka mbele tangu bunduki ilipolia, akakimbia peke yake kama aliyeitwa nyumbani, na watu wakangoja aanguke. Hakuanguka. Alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia. Nyuma yake John Walker, kijana mwenyeji, naye akaipita rekodi ya zamani, na bado akawa wa pili.

Tarehe 17 Mei 1975, mjini Kingston, Jamaika, Bayi akaivunja na rekodi ya maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51. Rekodi hiyo haikukaa. Walker aliichukua Agosti mwaka huo huo. Dunia ya riadha ikaanza kuhesabu siku za kufika Olimpiki ya Montreal, 1976, ambako wawili hao wangekutana.

Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini kwa makaburu, mwaka ule ule ambao watoto wa Soweto walipigwa risasi mwezi wa Juni. Afrika ilitaka New Zealand izuiwe kushiriki Montreal, haikuzuiwa. Nchi zaidi ya 20, nyingi zikiwa za Afrika, zikasusia, na Tanzania ilikuwa mstari wa mbele katika kususia huko. Walker akashinda mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 39.17, sekunde saba nyuma ya rekodi aliyoiweka Bayi katika nchi ya Walker mwenyewe. Rekodi hiyo ilibaki na Bayi hadi mwaka 1979. Medali ya Olimpiki aliipata mwaka 1980, Moscow, nayo ni ya fedha, katika mita 3000 za kuruka viunzi na maji. Suleiman Nyambui alipata ya pili katika mita 5000. Mpaka kumalizika kwa Michezo ya Paris ya 2024, hizo mbili ndizo medali zote za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kuzishika.

Huenda miji mingine ililazimika kuelezwa kwa nini mkimbiaji bora wa nchi amezuiwa kukimbia. Nachingwea haikuhitaji maelezo. Mji huo ulikuwa umeshaona mengi yaliyoanzishwa kwa makelele na kuishia kimya: Waingereza walifyeka msitu wake baada ya 1947 kwa ajili ya ule mradi mkubwa wa karanga, wakajenga reli kutoka Mtwara, na karanga zilipokataa kuota wakaondoka, na reli nayo ikafungwa. Lakini katika mashamba yale yaliyoachwa, mahali panapoitwa Farm 17, FRELIMO walipewa kambi. Kwa miaka kumi hivi wapigania uhuru wa Msumbiji walifunzwa pale, na Samora Machel alikuwa miongoni mwa viongozi wao. Watu wa Nachingwea waliwaona wakija na kuondoka. Waliuza nao mihogo, walizika nao, wakajifunza kutouliza nani amekwenda wapi. Mei 1975, mwezi ule ule wa Kingston, Samora alianza safari ya kuvuka Ruvuma kuelekea Maputo, na tarehe 25 Juni Msumbiji ikawa huru. Basi mwaka uliofuata redio iliposema kwamba Bayi hatakwenda Montreal kwa sababu ya makaburu, wanafunzi wa kisomo hawakushangaa. Mmoja wao, mama mkulima wa ufuta, alisema tu kwamba kila mtu ametoa alichokuwa nacho, na yule kijana alikuwa na miguu.

Desemba mwaka huo mdogo wake mwalimu alifika likizo. Alikuwa askari, kambi yake Dar es Salaam. Alileta kanga mbili za mama yao, sukari, na kile kikaratasi, ambacho alikitoa mfukoni mwa shati kwa taratibu kama mtu atoaye yai. Alisema amekipata kwa mwenyewe Bayi, jeshini. Mwalimu alikipokea kwa mikono miwili. Usiku akapika uji wa muhogo mwepesi, akakibandika. Baada ya miaka miwili vita vya Kagera vikaanza, na mdogo mtu hakurudi.

Mzee alipostaafu alihamia Ruangwa, kwao kwa asili, na daftari likahama naye. Huko ndiko mjukuu wake, dereva wa bodaboda wa Nachingwea, alikomfuata mwezi wa Juni 2019.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mume mwenzangu. Umekuja kumwona mke wetu au umekuja kuniona mimi?"

Mjukuu alicheka, akamsalimu bibi, akala, kisha akaeleza lililomleta. Dada yake alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi. Ada ya muhula wa kwanza ilikuwa laki nane, na muda wa kulipa ulikuwa unakwisha. Naye alikuwa amesoma katika simu yake kwamba watu wa ng'ambo hununua kumbukumbu za wanariadha. Medali moja ya Jesse Owens, katika zile nne alizoshinda Berlin mwaka 1936, iliuzwa mnadani mwaka 2013 kwa zaidi ya dola milioni 1.4. Sahihi si medali, hilo alilijua. Lakini alikuwa amempata mshitiri mmoja, akampelekea picha ya ukurasa, na mshitiri amekubali kulipa kiasi cha ada na ziada kidogo.

Sharti zilikuwa mbili. Kwanza, ukurasa ukatwe kwa wembe upelekwe mzima, maana kikaratasi kikibanduliwa kitachanika. Pili, iwepo hati ya ushahidi: mtu aliyekuwapo aandike kwamba alimwona Bayi akitia sahihi ile, ataje mahali na mwaka, naye atie sahihi yake.

"Mimi sikuwapo," alisema mzee.

"Babu mdogo alikuwapo, naye hayupo. Wewe ni kaka yake. Andika tu kwamba ulikuwa naye. Nani atakwenda kuuliza?"

Mzee hakujibu. Mjukuu, ambaye si mtu mbaya wala mwenye tamaa, akaona amekosea njia, akatoa rai nyingine. "Basi twende Dar es Salaam tukamwulize mwenyewe."

Hapo ndipo mzee alipolifungua daftari na kumwonyesha jambo ambalo kwa miaka 43 hakumwonyesha mtu. Alimwambia atazame herufi y. Katika daftari lote, kila mwanafunzi ambaye jina lake lina herufi hiyo ameikunja mkia wake kushoto, kitanzi kikapanda juu na kukata mstari. Ndivyo mwalimu alivyoiandika ubaoni. Ndivyo alivyomfundisha na mdogo wake, kabla ya kisomo, kabla ya jeshi, kwa kijiti juu ya mchanga. Kisha akamwambia atazame mwisho wa jina la Bayi.

Mkia ulikuwa umekunjwa kushoto, na kitanzi kimekata mstari.

"Niliuona usiku ule ule, nikiwa na uji mkononi," alisema mzee. "Nikasema, walimu wengi waliandika hivyo. Nasema hivyo hata leo, na ni kweli, walikuwa wengi. Inawezekana ni mkono wa Bayi. Inawezekana mdogo wangu alimkosa Bayi, akaona haya kuja mikono mitupu, maana nilikuwa nimemwomba sana. Sikumwuliza. Nilidhani tuna umri mrefu wa kuulizana."

Akamweleza pia kwa nini hataki kwenda Dar es Salaam. Mtu aliyeombwa jina lake na maelfu hawezi kukumbuka kikaratasi kimoja cha mwaka 1976. Atasema ndiyo kwa heshima, au atasema hapana kwa ukweli. Akisema hapana, atakuwa amemhukumu marehemu asiye na wa kumsemea. Kisha akasema neno ambalo mjukuu amelirudia kwa watu wengi: "Ikiwa ni ya Bayi, ni ya Bayi. Ikiwa si ya Bayi, ni maandishi ya ndugu yangu, na mengine sina."

Wasomaji wa mashairi hawatashangaa kwamba suala la nani ameandika linaweza kumlemea mtu kiasi hicho. Ushairi wetu umeishi na suala hili tangu kale. Mwana Kupona wa Siu alipomtungia binti yake utendi ule wa mwaka 1858, alimalizia kwa kutaja idadi ya beti na mwaka, ili wenye kunakili wasipunguze wala wasiongeze. Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, alikuwa na bahati nyingine. Mengi ya mashairi yake yalikusanywa baada yake kutoka kwa watu wa Mombasa waliokuwa bado wanayakumbuka, kwa kazi ya Mwalimu Sikujua na Mwingereza William Taylor. Mtu alisema, "Hili ni la Muyaka," na neno lake ndilo likawa sahihi ya Muyaka. Lau mashahidi wale wangekuwa watu wa kusema walichoombwa kusema, leo tusingekuwa na Muyaka. Tungekuwa na rundo la beti na jina juu yake. Anayeshuhudia asichokiona hamdanganyi mnunuzi peke yake. Anakiharibu na kile cha kweli kilicho karibu nacho, kwa kuwa baadaye hakuna tena awezaye kutenga.

Usiku ule mzee hakulala. Ada ilikuwa ya kweli, binti alikuwa wa kweli, na chuo hakingengoja. Kuandika mistari mitatu kungemgharimu wino tu. Alfajiri, baada ya sala, alimwita mjukuu, akafungua ukurasa wa mwisho, na chini ya kikaratasi akaandika kwa mwandiko ule ule wa ubaoni: Nimeletewa na mdogo wangu, askari, Desemba 1976. Alisema ameipata kwa mwenyewe. Mimi sikuona. Akatia jina lake na tarehe.

"Mali bila daftari huisha bila habari," alimwambia mjukuu. "Nikifa utalirithi hili. Sasa utajua unarithi nini. Mpelekee mtu wako picha. Akitaka hivyo, tutazungumza kuhusu wembe. Asipotaka, tumemaliza."

Mshitiri alijibu siku ya tatu kwamba maandishi yale yameuharibu ukurasa. Hakuandika tena.

Ada ililipwa kwa mbuzi wanne na kwa fedha ambayo mjukuu alikuwa ameiweka ya kununulia tairi na kulipia bima. Mbuzi waliuzwa kwa haraka, na mwuza kwa haraka hapangi bei. Ikatosha muhula wa kwanza. Wa pili ulikuwa mbele, na ufuta wa mwaka ule bado ulikuwa ghalani ukingoja mnada, kwa kuwa siku hizi mkulima hupeleka gunia, hupewa stakabadhi, hutia sahihi, hungoja. Mzee alipokwenda kuchukua stakabadhi yake aliisoma mpaka mwisho, watu nyuma yake wakinung'unika, ndipo akaandika jina.

Mjukuu aliporudi Nachingwea aliomba aende na daftari kwa wiki moja. Hakusema kwa nini, na mzee hakuuliza; alilifunga kwa kitambaa, akamkabidhi. Kijana alikuwa ameyasoma majina usiku wa mwisho na kukuta matatu anayoyajua. Moja lilikuwa la bibi mmoja jirani yake, ambaye kila akipanda bodaboda hushika bega la dereva na kuomba aendeshwe polepole.

Alimkuta barazani akichagua mbaazi. Alimfungulia kwanza ukurasa wa Bayi, akidhani ndio utakaomfurahisha. Bibi alitikisa kichwa kwa adabu, akasema anamkumbuka, yule kijana wa mbio waliyemzuia kwa ajili ya makaburu. Kisha akalichukua daftari mwenyewe, akalaza kidole juu ya karatasi, akaanza kushuka nacho polepole, jina baada ya jina. Alipolifikia lake alinyamaza. Mbaazi zilikuwa zimemwagika magotini mwake asijue.

"Hii y niliirudia mara nne," alisema. "Mwalimu alikuwa mkali sana juu ya mkia wake."